Siku Mama Aliposahau Majivu

Harufu ya ganda la korosho likiungua haibishi hodi. Inaingia tu. Juzi Jumamosi nilikuwa nimesimama uani kwangu, mikono kiunoni, namwangalia mpangaji wangu akihama, na jirani nyuma ya ukuta alikuwa anachoma korosho kwenye kipande cha bati. Moshi ule mzito, wenye ukali wa kukaba koo, ukapanda ukuta ukatushukia. Mpangaji akakohoa. Mke wake akakohoa. Mimi nikaangalia viganja vyangu.

Ni vijana wale. Mume anaendesha bodaboda asubuhi na jioni ni mlinzi, mke anashona, na kila kitu wanakifanya mbio, hata kuhama. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kinanguruma getini, dereva anapiga honi kama amebeba mgonjwa, sufuria zinagongana, mtoto mdogo analia. Juu ya godoro, katikati ya gari, amekaa binti yao mkubwa, amekumbatia feni. Baba yake akamwambia, "Shuka, mama, tupange vizuri." Hashuki. Mama yake akamwambia, "Shuka unywe chai, bado tupo." Hashuki.

"Nikishuka mtaniacha," akasema.

Wakacheka wote, mpaka dereva. "Nani akuache wewe, na kelele zako?" Mimi sikucheka. Nikamwambia baba yake, "Panga vitu vyako na mtoto yuko hukohuko juu. Godoro halivunjiki." Akanitazama. Wapangaji wangu wananijua, mimi ni mtu wa maneno mafupi, hakubishana.

Sasa ninyi wa rika langu, mliokulia huku kwetu kusini, nataka niwaambie jambo. Shule mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililisoma vipande vipande, nitawaambia sababu. Lakini nyumba nimejenga, kwa mikono hii, na ndani ya nyumba zangu wamepanga mpaka walimu. Kwa hiyo naandika ninavyosema. Atakayeona kosa alisahihishe kwake.

Tulikuwa tunakaa kijiji kimoja upande wa Nanyamba, kwa watu wa mama. Kwetu mwanamume ndiye anayemfuata mke. Baba alitoka kwao, karibu na Ruvuma, akaja kuoa, akajenga pale alipoonyeshwa na bibi mzaa mama, akapalilia mikorosho aliyoonyeshwa na bibi, na akitaka kusema na bibi alichuchumaa mbali, macho chini. Mkwe hatazamwi usoni. Bibi akiwa amekaa kibarazani kwake, baba alizunguka nyuma ya nyumba, hata mvua iwe inanyesha, hata awe amebeba gunia.

Baba na mama walikuwa vijana wadogo sana, sasa ndiyo naona. Wakati ule niliona ni watu wazima. Nikiwakumbuka, siwakumbuki wamekaa. Baba alinyoa watu nywele, akaziba pancha za baiskeli, akachoma mkaa, akapanda mikorosho ya watu. Mama alianika makopa ya muhogo, akasuka mikeka, akakaanga mihogo ya kuuza mnadani, na mgongoni kila mara kuna mtoto. Mimi nilikuwa wa kwanza. Akafuata Issa, mdogo wangu, mtoto wa maswali. Kisha yule wa mgongoni.

Ndiyo miaka ile vyama vingi vilikuwa vinaanza, watu wanapita na bendera mpya juu ya baiskeli, na kila mtu anasema mambo yanabadilika. Baba akayaamini. Akaenda Mtwara mjini, akabeba mizigo bandarini msimu mzima, akarudi amekonda na macho yanawaka. "Tunahamia mjini," akasema kabla hajatua mfuko. "Nimepata nyumba ya kupanga Mtawanya. Kuta zipo, bati zipo. Mlango ndiyo hakuna."

"Tutalalaje bila mlango?" akauliza Issa.

"Mlango tunao."

Ni kweli tulikuwa nao. Baba aliuchonga mwenyewe kwa mbao za mninga alipokuja kuoa, na kijiji kizima hapakuwa na mlango kama ule. Siku hizo nyumba za udongo za pembezoni mwa mji, wengi walipanga hivyo: kuta za mwenye nyumba, mlango wako. Unakuja nao, unaondoka nao. "Kuta ni udongo," baba alikuwa akisema. "Mtu ni mlango wake." Akasema lori lililokuwa likibeba korosho za msimu litatuchukua, dereva wamejuana bandarini. Lori likijaa tu, tunaondoka. Kuanzia siku ile nyumba yetu haikukalika. Ukitafuta kijiko kimefungwa. Ukitafuta mkeka umekunjwa. Tunakula wima.

Basi bibi akamwita mama.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi namenya mihogo. Ukuta wa udongo, masikio yangu mazima. Nikasikia yote.

"Esha."

"Abee, mama."

"Mnahama."

"Tunahama, mama, Mungu akipenda."

"Mungu ameshapenda, vifurushi nimeviona. Haya magoti yangu unayajua?"

"Nayajua, mama."

"Na kisima unajua kiliko."

"Najua."

"Basi Somoe atabaki."

Somoe ndiye mimi. Nikaacha kumenya. Nikasikia kuku wanakwaruza. Nikangoja mama aseme, hapana, mama, huyu ndiye anayenisaidia watoto, huyu bado mdogo, neno lolote. Mama akasema, "Haya, mama."

Hakuna mtu kijijini ambaye angeshangaa. Kwetu ilikuwa hivyo: wanaohama wanamwachia mzee mtoto mmoja wa kumchotea maji. Ni heshima, wala si mateso. Tena mtoto wa bibi hula kuliko wenzake. Na aliyefika kule juu anajua habari ya maji. Sisi tumekaa juu, maji yamekaa bondeni. Unashuka, unashuka, unafika kwenye kisima chembamba kirefu kama shingo, unatupa ndoo, unavuta kamba kwa viganja mpaka vinawaka, kisha unapanda kilima na maji kichwani. Mzee asiye na mtoto wa maji anabaki kuomba kikombe kwa majirani, na bibi yangu hakuwa mtu wa kuomba. Baba naye aseme nini? Yeye hata kumtazama hawezi. Na mama kumkatalia mama yake, mbele ya mlango wa nyumba aliyozaliwa, hilo halikuwepo. Kama lilikuwepo, mimi sikuwahi kuliona likifanywa.

Nilimpenda bibi. Msinielewe vibaya. Lakini ile "Haya, mama" iliniingia tumboni, ikakaa huko kama muhogo mbichi.

Nikaanza kazi ya kutoachwa. Mtoto ana akili zake. Niliona kama watakuwa wamezoea kuniona juu ya vifurushi, watanipakia navyo bila kufikiri. Nikakaa juu ya gunia la nguo. Nikakaa juu ya kinu. Nikambeba mdogo wetu mgongoni kutwa nzima ili mama aone hawezi kuishi bila mimi, mpaka mtoto mwenyewe akachoka, akalia kutaka kushuka. Nilifagia uwanja asubuhi, nikafagia mchana, nikafagia tena, Issa akaniuliza, "Unatafuta nini?" Na kila nilipopita jikoni nilitazama chanja cha vyombo. Sahani ya baba imefungwa. Sahani ya Issa imefungwa. Bakuli langu, lile la bati lenye ua jekundu, limebaki peke yake juu ya chanja, limefunikwa, safi, kama la mgeni.

Nikasema, basi. Imekwisha.

Sasa niwaeleze mafuta, maana wapo wajukuu wa siku hizi wanakula korosho za pakiti hawajui hata ganda lake. Ganda la korosho lina mafuta meusi. Ukiyachoma maganda juu ya debe lililotobolewa, mafuta yanadondoka chini kwenye kopo, mazito, yananata. Mchwa hawagusi mbao iliyopakwa mafuta yale. Wala mtu hagusi. Yakikushika kwenye ngozi huoni kitu siku hiyo. Yanangoja. Kesho yake yanawasha, keshokutwa yake ngozi imeinuka malengelenge, halafu inageuka nyeusi, inajivua kama ya nyoka. Ndiyo maana kila mwanamke wa kwetu, akikaa kubangua korosho, kwanza anatia mikono kwenye majivu ya jikoni. Kabla ya bismillahi, majivu. Mama alikuwa ananipigia kelele hata nikiokota korosho moja mbichi chini ya mti: "Somoe! Majivu!" Na kopo la mafuta ya baba lilining'inizwa juu darini, na baba alipopaka mlango wake, kila mwaka, alitumia kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kirefu na sisi tukafukuzwa mpaka kwa majirani.

Mlango ulitakiwa kupakwa kabla ya safari, maana Mtawanya mchwa ni wengi. Baba akasema atapaka. Halafu akaitwa, lori limekwama njiani, twende tukalisukume. Akaondoka na wanaume wengine.

Mama alikuwa amejifunga kitambaa mkononi, upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko. Alikuwa nacho tangu siku chache nyuma. Issa alipomuuliza alijibu uji ulimrukia. Akatazama njia aliyoondokea baba. Akatazama nyumba ya bibi, bibi amejilaza. Akapanda kinu akateremsha kopo.

"Somoe. Njoo."

Nikaja mbio. Niliitwa kazini, si ndiyo nilikuwa nataka?

Mlango umelazwa juu ya magogo. Mama akaenda jikoni akatia mikono kwenye majivu, akayasugua mpaka viwiko, mikono ikawa myeupe. Akarudi, akachovya kitambaa kwenye kopo. Hakuna kijiti. Akanyoosha kitambaa kile kwangu.

"Shika. Paka kufuata mstari wa mbao."

Nikamwangalia. "Mama, majivu?"

"Hakuna nafasi ya majivu."

"Majivu si hayo," nikasema, maana yalikuwa hayo, jikoni, lundo zima, na mengine yako mikononi mwake.

"Somoe. Shika kitambaa."

Nikashika. Kilikuwa cha vuguvugu, kinanata kama kitu kilicho hai. Nikapaka. Mama alichuchumaa mbele yangu, na nakumbuka jambo moja ambalo sikulielewa: hakuutazama mlango hata mara moja. Alitazama mikono yangu. Inzi akatua kwenye shavu langu, nikainua mkono kumfukuza, na mama akanidaka mkono hewani kwa nguvu mpaka mfupa ukauma.

"Usiguse uso! Ukijigusa uso, wallahi, utanitambua!"

"Inzi, mama."

"Mwache inzi." Akamfukuza yeye kwa kupuliza. Kisha, taratibu, "Viganja tu. Paka kwa kiganja chote. Haya."

Nilikuwa sijamaliza hata nusu ya mlango akasema basi, inatosha. Akaninyang'anya kitambaa, akaniosha kwa mchanga, akaniosha kwa unga wa muhogo, akanipaka mafuta ya nazi mengi kuliko tuliyokuwa tunatumia kwa wiki. Alinisugua kwa nguvu, hanitazami usoni. Nikaona ana hasira. Nusu iliyobaki ya mlango akaipaka mwenyewe, mbio mbio, huku akiangalia njia. Nami nimekaa juu ya kinu changu nimepata jibu langu lote. Majivu ni ya watoto wanaosafiri. Mimi si wake tena, mimi ni wa bibi, na mtoto wa mtu mwingine hukumbuki kumpaka majivu.

Sikulia. Mimi sikuwa mtoto wa kulia, na hilo sijabadilika.

Mafuta yakafanya kazi yake kama yanavyofanya. Kesho yake viganja viliwasha, nikavisugua ukutani. Siku iliyofuata vilikuwa vimevimba, malengelenge yamejaa maji, vidole havikunji. Mama alinilisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge. Baba alipoona akapiga kelele, "Nani amempa mtoto kopo? Nani?" Mama akasema, "Mimi nilikuwa nageuza mlango, yakamrukia." Baba akageuka. Akatazama mlango. Akamtazama mama. Akaenda kukaza kamba za vifurushi ambazo zilikuwa zimekazwa tayari.

Asubuhi hiyo hiyo bibi akatoka na ndoo mpya na kamba mpya ya katani. "Yuko wapi mtu wangu wa maji? Njoo nikuonyeshe kamba yako, hii haikati mikono."

Nikaenda, mikono nimeinyoosha mbele.

Bibi akaweka ndoo chini. Akanishika vifundo vya mikono, akavigeuza juu, akavigeuza chini. Akanitazama shavu, shingo, mapaja. Akarudi kwenye viganja.

"Esha!"

Mama akaja, akapiga goti.

"Nini hiki?"

"Mafuta ya korosho, mama. Wakati wa kupaka mlango. Yalimrukia."

"Yalimrukia viganjani."

"Ndiyo, mama."

"Nyuma ya mkono hayakumrukia. Usoni hayakumrukia. Nguo hayakuigusa. Yameruka, yakachagua, yakakaa kwenye viganja viwili."

Mama akaweka macho chini, kama baba.

"Mafuta haya nimeyakamua kabla wewe hujazaliwa," bibi akasema, polepole. "Hayana miguu."

"Ndiyo, mama."

Hapo mimi nilitegemea bibi apige kelele. Hakupiga. Alishikilia mikono yangu kama mtu anayepima mzigo sokoni. Kisha akauliza, "Atashika kamba lini huyu?"

"Mpaka ijivue ngozi yote, mama. Labda mvua zikianza."

"Na lori?"

"Limeshakwamuka. Kesho asubuhi."

Bibi akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Kwa hiyo mimi naomba mikono, mnaniachia mdomo. Nimlishe mimi, nimnyweshe mimi, na maji nikachote mimi. Mtoto gani huyu?" Akaniachia. "Mchukueni. Na lile bakuli lake juu ya chanja mlichukue, msiniachie bakuli la mtu asiyekuwepo."

Mama akasema, "Haya, mama." Ile ile. Lakini safari hii alichelewa kuinuka. Alibaki pale na goti lake, paji la uso karibu na miguu ya bibi, na bibi akaweka mkono juu ya kitambaa kile alichojifunga mama.

"Pole na uji," akamwambia.

Nikaona bibi ni mtu mwema sana, amekumbuka hata jeraha dogo la uji.

Tukaondoka. Juu ya magunia ya korosho, mlango umelazwa juu kabisa, mimi na Issa tumekaa juu yake kwenye mkeka, mikono yangu imefungwa vitambaa kama vichwa viwili vya watoto wachanga. Bibi alisimama barabarani mpaka vumbi likamfunika. Alikuwa ametupatia ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kwenye kikapu, na Issa akanimenyea, akanilisha, huku akihesabu nani amekula mingi. Lori linayumba kwenye mchanga, dereva anaimba, baba anacheka na watu njiani, mama ananishikilia kiuno kwa mkono mmoja na kumshikilia mdogo wetu kwa mwingine. Nilikuwa nimeshinda. Ninasafiri. Lakini furaha yenyewe ilikuja imepinda. Nilijiambia, hawakunichukua kwa kunitaka. Wamenichukua kwa sababu nimeharibika. Bibi amenikataa, basi wakabeba.

Wazo lile nilikaa nalo miaka.

Mtawanya tulifika jioni, kuta zinatungoja na uwazi mweusi katikati. Baba akaupachika mlango kabla hajateremsha kitu kingine, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. "Haya," akasema, "tumefika." Hatukuwa tumefika. Baada ya mvua ukuta mmoja ulikaa chini. Tukahamia nyumba nyingine, mtaa wa pili. Mwenye nyumba akataka nyumba yake aozeshe binti. Tukahamia Mikindani, mama akawa anakaanga samaki kule, nyumba ya mawe ya zamani ambayo mlango wetu haukuenea, baba akaupunguza kwa msumeno huku akiomboleza kama anakata mguu wa mtu. Tukarudi Mtawanya, mlango ukawa mfupi, akaunga ubao chini. Kila tulipohama, mlango ulipakwa mafuta, na mama alitupaka majivu wote, mimi wa kwanza, mpaka mabegani, mpaka Issa akasema tumekuwa mashetani.

Na kila tulipohama, shule. Mwalimu anataka uhamisho kutoka shule ya nyuma, shule ya nyuma iko mbali, baba yuko bandarini, mama yuko kwenye karai. Nakaa nyumbani wiki, mwezi. Naanza upya, wenzangu wamefika mbali. Halafu tunafunga vifurushi. Mwisho nikachukua sinia la mihogo nikaingia mtaani, na sikurudi. Watu wananionea huruma kwa hilo, nawaambia huruma yenu pelekeni kwingine. Sinia lile ndilo lililozaa kibanda, kibanda kikazaa duka, duka likazaa tofali la kwanza. Bibi naye hakukosa mtu wa maji, msifikiri. Mama mdogo aliachika akarudi nyumbani na watoto wake, na bibi akaishi kuwapigia kelele wote mpaka alipopumzika, Mungu amrehemu.

Mwanangu mkubwa aliwahi kuniambia, mama, ungebaki kwa bibi kule ungemaliza darasa la saba. Nikamwambia, ndiyo, ningemaliza.

Basi Jumamosi ile, kirikuu kimeondoka na binti juu ya godoro, harufu ya maganda bado imejaa uani, nikaingia ndani. Mama yangu ninaishi naye. Amezeeka sasa, macho mazuri, miguu ndiyo inamsumbua, kama mama yake. Alikuwa amekaa mkekani anachagua mchele kwenye ungo. Mlango wa stoo yangu, nyuma yake, ndio ule ule, mweusi, una viraka, na mchwa hawajaugusa mpaka leo.

Nikakaa. Mimi si mtu wa kuzunguka.

"Mama. Siku ile ya kupaka mlango, kwa bibi. Ulisahau majivu?"

Hakuinua macho. "Mlango tumeupaka mara nyingi."

"Ile ya kabla ya lori."

"Mimi ni mzee, Somoe. Mtu mzee anasahau."

"Hukuwa mzee wakati ule."

Akapepeta ungo. Makapi yakaruka. Mkono wa dera ukapanda mpaka kwenye kiwiko, na nikaona, upande wa ndani, alama. Nimemwogesha mama yangu akiumwa, nimempaka mafuta mara ngapi, na alama ile nimeiona miaka yote nikaipita. Nyeusi, ya mviringo, ndogo kama ncha ya kidole iliyobonyezwa mara moja ikaondolewa. Pembeni yake nyingine, kubwa kidogo, kama aliyerudia akaongeza. Uji ukikurukia unatawanyika. Unaacha madoa, unatiririka. Hauchori duara.

Nikakumbuka kitambaa. Nikakumbuka kwamba alikifunga kabla ya siku ya mlango, wala si baada yake. Alijipaka kwanza. Akangoja aone yatafika wapi, yatauma kiasi gani, yatakaa muda gani kwenye ngozi, na kama mtu anapona. Kisha ndiyo akaniita.

Nikanyoosha kiganja changu, nikakiweka kwenye mkeka, karibu na mkono wake. Alama yangu ni hafifu, ngozi nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa, inayong'aa jua likiipiga.

Nikamuuliza, "Na hii ya mkononi, mama?"

Akaitazama kama ndiyo anaiona leo. Akashusha mkono wa dera.

"Uji ulinirukia," akasema.

Nikasema, "Ndiyo. Uji."

Akarudi kwenye mchele wake. Nami nikabaki nimekaa, jambo ambalo silifanyi, watu wa nyumbani kwangu watawaambia. Baada ya kitambo akauliza, bado anachagua, "Wale wapangaji wameshaondoka?"

"Wameshaondoka."

"Na watoto?"

"Na watoto, mama."

"Wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa taratibu, akatoa jiwe moja dogo kwenye ungo, akalitupa uani.